Dakika Tatu za Mama Odile

Thibaut, mwana wa pekee wa Odile Grandjean, mpishi wa shule mjini Namur, Ubelgiji, aliugua saratani akiwa na miaka tisa, akapona. Alipotaka kununua nyumba ukubwani, kila kampuni ilimnyima bima ya mkopo wa nyumba kwa sababu ya ugonjwa ule wa utotoni. Akajiunga na chama cha kutetea wateja, akaandika barua miaka minne, mpaka Umoja wa Ulaya ukaviita vyama makao yake Brussels vitoe maoni juu ya sheria mpya ya bima.

Mwaliko wa Thibaut ulifika wiki tatu baada ya moyo wake kusimama ghafla, akafa. Odile akaenda badala yake.

“Mama, una dakika tatu,” mwenyekiti alimwambia.

Akasoma karatasi alizoziacha mwanawe mpaka mwisho.

Mtu wa kampuni za bima akauliza kwa upole, “Tukisema aliyepona asiulizwe tena habari za ugonjwa baada ya miaka kumi, mwanao ataridhika?”

“Alitaka mitano, baba. Sasa hataki kitu. Tumemzika.”

Msimu uliofuata chama kilimpigia simu. “Mama Odile, wamekubali mitano! Tumeshinda!”

Aliwashukuru. Kisha akakaa jikoni peke yake, akilia, maana aliyestahili kuambiwa hayupo.