Sawa ya Pimamaji

Dada yangu mkubwa huoka keki za harusi mjini Kakamega, na kwa muda mrefu aliamini kwamba adui wa kazi yake ni pikapu yake mwenyewe. Aliinunua ikiwa imeshatumika, yenye kibanda cha bati nyuma. Ukiitazama kwa ubavu ungeona kasoro yake bila kuambiwa: makalio juu, pua chini. Boneti ilielekea barabarani kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha.

Keki kubwa ya kwanza aliyoipeleka Matete, ya ghorofa nne, ndiyo iliyomtia hofu. Alifika amechelewa, akaishusha, akaiweka mezani haraka haraka, kisha akaenda kubadilisha nguo kwa sababu naye alikuwa amealikwa. Aliporudi, ghorofa ya juu ilikuwa imelala upande. Haikuanguka. Ilikaa hivyo hivyo, kama mzee aliyeshikwa na usingizi katikati ya mahubiri, mpaka ikakatwa. Watu walikula na kusifu utamu wake. Lakini picha zilibaki, na katika kila picha maharusi wanatabasamu kando ya kitu kinachotaka kulala.

Sasa mdogo wake bibi harusi yule alikuwa anaolewa, na mama yao akampigia dada yangu simu. Alisema majirani wamemshauri atafute mwokaji mwingine, naye amewaambia wanyamaze kwanza.

"Nimekupa nafasi tena, Mama Keki," alisema. "Ile ya kwanza ilikuja imeinama. Hii tunataka isimame."

Dada alikata simu akatoka nje kuitazama pikapu. Wiki hiyo hiyo tukaipeleka Lubao kwa fundi. Nilifuatana naye kwa sababu napenda kuona vitu vikifunguliwa.

Gereji ile ni ua wa udongo kando ya soko la mifugo. Madalali wa ng'ombe wanaokosa mnunuzi huja kusimama pale, na siku hiyo walitupokea kana kwamba tumeleta mnyama. Mmoja alizunguka pikapu polepole, akaipiga kofi la ubavuni, akatangaza kwamba miguu ya mbele imechoka na yeye asingeinunua. Mwenzake, mwenye kofia ya sufi, akamwambia asiharakishe, aangalie meno kwanza.

Fundi aliingia chini, akatoka, akatueleza. Springi za mbele zimezeeka na shoki, zile za kuzuia gari lisidunde, zimekufa, ndiyo maana kila tuta gari linapiga magoti. Lakini hata ikiwa mpya, alisema, pikapu hutengenezwa ikiwa na pua chini kidogo makusudi, ili ikibeba mzigo nyuma ishuke na kulingana.

"Mzigo wangu ni keki," dada akamjibu. "Keki haiwezi kushusha gari."

Fundi akafikiri, akakubali kwamba hilo nalo ni kweli. Walipatana atie shoki mpya, na juu ya springi atie spesa, yaani visahani vya chuma vya kuinua gari mbele. Hivyo havikutengenezwa na kampuni ya gari. Huuzwa kando, na watu wengi huviweka ili pikapu ionekane na kifua. Vilikuja kutoka Nairobi, jozi nene na jozi nyembamba.

Siku ya kazi tulirudi mapema. Fundi aliinua gari kwa jeki, akaweka vigogo vya chuma chini kwa usalama, akatoa magurudumu. Springi aliikandamiza kwa vyuma viwili virefu vya nati, akikaza huku na huku kidogo kidogo. Akaniambia nisisimame mbele yake, kwa sababu springi iliyobanwa ikiponyoka haichagui mtu. Akatia shoki, akatia zile spesa nyembamba, akarudisha magurudumu, akashusha jeki. Aliruka juu ya bampa mara kadhaa ili gari likae, akajipangusa mikono.

"Iko sawa," alisema.

Dada alitoa pimamaji kwenye kikapu. Marehemu baba yetu alikuwa mwashi, na vifaa vyake vilipogawanywa dada aliomba kile kimoja tu: kipande cha ubao chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa ndani yake. Kiputo kikikaa katikati, kitu kimelala sawasawa; kikikimbilia upande, upande huo ndio ulio juu. Huitumia kwenye kila ghorofa ya keki. Aliiweka kwenye sakafu ya pikapu nyuma, kwa urefu, akainama. Kiputo kilikuwa kimekimbilia mkiani. Pua ilikuwa bado chini.

"Fundi, hii ni sawa gani?"

"Sawa tu, madam. Sawa ya gari."

"Mimi nataka sawa ya pimamaji."

Nadhani hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza jinsi neno hilo linavyotufanyia kazi mbili. Tunasema sawa tukimaanisha kimenyooka, na tunasema sawa tukimaanisha tuachane na hayo mambo. Fundi alikuwa na ya pili. Dada alitaka ya kwanza, na hakuonekana kama mtu atakayeondoka bila kuipata.

Bila kinyongo fundi alifungua tena, akatia spesa nene. Ilikuwa kazi ya kurudia yote tangu jeki. Aliposhusha gari, dada akaweka pimamaji, na kiputo kikaja kikasimama katikati kabisa. Fundi akatabasamu. Hata madalali walisogea kuchungulia.

Yule wa kofia ya sufi hakuangalia pimamaji. Alikuwa anaangalia ardhi.

"Mama," alimwambia dada, "hapa hata mkojo wa ng'ombe hauulizi njia. Wote unaenda kwa mtaro ule."

Tukatazama chini. Ni kweli, ua wote ulitelemka kuelekea mtaro wa barabarani, na pikapu ilikuwa imeegeshwa pua ikielekea huko huko. Tulikuwa tumelinganisha gari na mtelemko wa ua. Fundi akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Akasema amefanya kazi pale siku zote na magari yote ameyapima kwa jicho pale pale, na kama kuna pikapu Lubao nzima zinazotazama mawingu, sasa tunajua zimetoka wapi.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na kinu cha kusaga unga chenye ghala la sakafu ya saruji. Mwenye kinu, mama mmoja aliyejaa unga mpaka kwenye kope, alituambia tusikanyage magunia yake, akatufungulia. Kabla gari halijaingia dada aliweka pimamaji sakafuni, akaigeuza kila upande. Sakafu ilikuwa imelala sawasawa. Ndipo pikapu ikaingia, na kiputo kikakimbilia mbele. Pua ilikuwa juu.

Kwa hiyo fundi akazirudisha zile nyembamba, safari hii humo ghalani, huku mama wa kinu akimuuliza kama gari huwa linavalishwa viatu mara tatu kabla ya kutembea. Kiputo kikatulia katikati. Fundi alikitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Dada ndiye aliyesema.

"Sasa iko sawa."

Tulipitia mjini kunyoosha magurudumu, kwa sababu gari likiinuliwa mbele matairi hubadilika mwelekeo na huisha upande mmoja.

Jumamosi ya harusi niliketi nyuma na keki, nikiwa nimeegemea kibanda, mkono mmoja karibu na sanduku lake. Sikuhitajika kuligusa. Kwenye matuta pikapu iliinuka na kushuka bila kupiga magoti. Tulipofika Matete na dada akafungua mlango, ghorofa zote nne zilikuwa zimesimama. Aliziangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama wa bibi harusi alikuja akiwa amekunja mikono, akafumba jicho moja kama mtu anayekagua ukuta mpya. Akatikisa kichwa kukubali, akaonyesha meza iliyofunikwa kitambaa cheupe. Vijana wa hema walitaka kuibeba keki. Dada akawazuia. Nadhani lile ghala la unga lilikuwa bado kichwani mwake, kwa sababu aliweka pimamaji mezani kwanza.

Kiputo kilikimbia mpaka ukingoni, mbali na upande wa migomba iliyokuwa mwisho wa boma.

"Unapima nini?" mama akauliza.

"Meza. Hii ndiyo ile ya harusi ya kwanza?"

"Ndiyo hiyo. Na ilikaa hapa hapa. Huwa tunawekanga hapa, jua likiwa upande ule."

Dada akanitazama. Nikatoa simu, nikatafuta ile picha ambayo familia yetu yote huijua. Keki ilikuwa imelala kuelekea migomba. Mbele yake palikuwa na glasi ya juisi ambayo hatukuwahi kuiangalia, na ukiiangalia vizuri, juisi imepanda upande mmoja, ule ule wa migomba.

Nilimpa mama simu. Aliangalia picha, akaangalia meza, akaangalia boma lake lote kutoka mlango wa nyumba mpaka chini kwenye migomba.

"Nimekaa hapa tangu niolewe," alisema polepole. "Sijawahi kuona kama tumeinama."

Mumewe, aliyekuwa amesimama karibu, tai yake mkononi, akasema kumbe ndiyo sababu mchuzi kwenye sahani yake hukimbilia upande mmoja kila siku. Yeye alidhani ni mpishi anayemwonea. Mama alimwambia akatafute tofali badala ya kusimama. Tukatia nusu tofali na katoni iliyokunjwa chini ya miguu miwili ya meza, dada akipima na kuagiza, mpaka kiputo kikarudi katikati. Kisha keki ikawekwa.

Kama ile ya kwanza iliharibiwa na pikapu, au na meza, au na vyote viwili, hatutajua. Nilimuuliza dada kama anajuta kuhangaika Lubao. Alisema hapana: kule ndiko alikofundishwa kuuliza ardhi kwanza.

Keki ilisimama mchana kucha, kwenye jua na kwenye hotuba, na picha zilipigwa kutoka kila upande. Pimamaji ilipotea kwa muda. Tuliikuta kwa wajomba wa bibi harusi, wakiipitisha kutoka meza hadi meza kati ya kuku na obusuma, ule ugali wetu, wakibishana nani ameketi juu kuliko mwenzake. Jioni mama alitusindikiza mpaka kwenye pikapu, dada akimsimulia mambo ya Lubao. Alisema amebaki binti mmoja, lakini huyo amalize kwanza chuo.

"Akiwa tayari unipigie mapema," dada akamwambia. "Nitakuja kupima boma kabla sijaoka."

"Kuja na yule fundi wako," mama akajibu. "Atuinulie upande wa migomba."