Nungunungu na Mpini wa Wifi

Mchonga mipini hakuwa mwanamke wa kupita kitu bila kukiuliza habari zake. Katika shamba lenye msitu alilorithi pamoja na kaka yake, alijua ni mti upi umegugunwa ganda na nungunungu, shimo lao limehamia wapi, na mwiba upi umedondoka kwa kukurupushwa na upi umedondoka wenyewe. Miiba hiyo aliiokota na kuitumia kuchora alama kwenye mbao zake. Nungunungu walimlia mihogo na bado hakuwa na neno nao.

Aliyekuwa na neno naye ni wifi yake, mke wa kaka. Kwa macho yake, mwanamke yule alikuwa mvivu wa kupindukia, na kaka yake ndiye aliyejichosha kwa kulima. Kaka mwenyewe alipenda kulisimulia hilo, hasa akiwa amekaa. Basi kaka akachongewa mipini ya mti mzuri, mwepesi, uliopigwa msasa hadi ukateleza. Wifi akapewa mizito yenye mafundo.

Asubuhi moja akalikuta jembe la wifi limeegemea banda, mpini umeliwa karibu nusu, vipande vimetapakaa chini. Damu ikamchemka. Yeye anayelitambua jino la nungunungu kwa mbali, siku hiyo hata kuinama hakuinama.

"Kuni zimejaa msituni," alimwambia wifi, "wewe unachanja mpini wa jembe?"

"Sijachanja kitu, wifi."

"Basi umejichanja wenyewe."

Wifi akatua ndoo ya maji. "Nimechoka. Kesho naenda kwetu, na sijui kama nitarudi."

Kaka, aliyekuwa akinywa chai, alisema, "Jamani, jamani," akajiongezea kikombe.

Mchonga mipini aliviona vile vipande vizuri pale alipovifagia. Vilikuwa na mifereji miwili miwili, iliyolingana, safi. Jino la nungunungu, hakuna ubishi. Lakini kabla hajafikiria la kumwambia wifi, swali likamkaba: kwa nini huu? Jembe la kaka lilikuwa limeegemea hapohapo, la mti ambao nungunungu huupenda kuliko yote, na halikuwa na hata mkwaruzo.

Akaunusa mpini ulioliwa. Akatazama huku na huku, kisha akaulamba.

Ulikuwa na chumvi, chumvi ya mikono iliyoushika kutwa, msimu baada ya msimu. Akaulamba wa kaka. Ulikuwa mti mtupu, wenye ladha ya mafuta aliyoupaka yeye mwenyewe siku alipomkabidhi. Akaingia bandani akalamba mpini wa panga la wifi, kisha wa shoka lake. Chumvi. Akarudi kwenye jembe la kaka, akalilamba tena polepole kuanzia juu hadi chini, akiomba awe amekosea.

Aibu ilimshika, akakaa chini pale kwenye takataka alizozifagia. Miaka yote ile aliuliza habari za kila mti na kila shimo. Kwenye nyumba ya kaka yake hakuuliza, alipokea tu alichoambiwa.

Alichukua gogo alilojiwekea mwenyewe, akachonga mchana kutwa.

Kesho yake alimkuta wifi njiani, begi mkononi. Akampa mpini. Wifi aliupima kwa mikono miwili, akaugeuza.

"Mwepesi."

"Ndiyo."

"Ya kaka yako yote iko hivi?"

"Yote."

"Na mimi nikidhani jembe ndilo zito. Miaka yote hii, wifi."

"Ni nungunungu aliyekula ule wako. Alifuata chumvi ya mikono yako. Nilitakiwa kuangalia, sikuangalia. Nisamehe."

"Hukutaka kuangalia," alisema wifi, bila kupandisha sauti.

Wifi alilitazama begi, akaitazama njia.

"Mama yangu ameshaambiwa naenda, kwa hiyo nitaenda. Nitarudi Jumamosi." Akamrudishia mpini. "Utie kwenye jembe, umpe kaka yako alime nalo mpaka nirudi."

"Halafu?"

"Halafu uliache nje, tuone kama nungunungu atalitaka."