Nafasi ya Kupita Paka

Tangu tetemeko kubwa la Desemba, kila mara ardhi ya mji wa Gyumri inapojitikisa tena, taa ingali ikibembea, fundi seremala huwa keshafika mlangoni kwa Siranush, randa kwapani, maranda yamemganda kwenye nyusi. Hasalimii. Huufungua mlango, huufunga, huzitegea bawaba sikio kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa, kisha hulamba dole gumba na kupapasa ukingo. Hapo randa huanza. "Fundi, we! Paka anapita na mkia juu! Baridi itatuua humu!" "Baridi utaivalia koti, dada," hujibu bila kuinua macho. Na huyu ndiye aliyekuwa akijigamba zamani kwamba milango yake haipitishi hata unywele.

Juzi Siranush alimpelekea mkate, asimkute. Pale mlangoni pake pamening'inia blanketi tu. Mlango wenyewe ameuegemeza ukutani, ungali umefungwa ndani ya fremu yake, kazi safi ajabu. Siranush akaikumbuka siku ile: wanaume wanne wakiuvuta, fundi mmoja wao, mkewe akimwita kutoka ndani, nao usiachie hadi paa liliposhuka. Leo asubuhi bilauri zimegongana tena kabatini. Siranush ameliondoa mwenyewe gunia alilozibia upenyo, akalificha, akasimama kando kumpisha. "Afadhali umekuja, fundi," akamwambia. "Naona mlango umeanza kukaza tena."