Bafu la Mama

Hasira zangu ziko karibu, nakubali. Nimegombana na watu wengi hapa Dodoma kwa ajili ya bafu moja, na karibu wote niliwaonea.

Mama alivunjika nyonga shambani kwake Busi, nikamleta kwangu mjini. Baada ya matibabu akaanza kutembea na magongo, taratibu. Shida ikawa bafu. Nyumba yetu ina bafu moja, mlango wake unafungukia sebuleni, na sebuleni ndiko mume wangu alikoweka cherehani yake. Anashona pale tangu asubuhi hadi jioni. Katika ukoo wetu mama mkwe hapiti mbele ya mkwewe wala hawatazamani usoni, sembuse apite akielekea chooni! Mume wangu akahamishia cherehani barazani. Haikusaidia. "Nikipita inanyamaza," mama alisema. "Najua amenisikia." Ndoo niliyomwekea chumbani aliisukuma kwa gongo. Akawa anangoja mpaka mkwe atoke nyumbani.

Nikaamua tubomoe ukuta, tupanue bafu, tufungue mlango wa pili chumbani kwa mama na kuweka choo cha kukaa. Fundi alikuja na nyundo siku hiyohiyo. Nikamzuia. Jirani yetu alijenga bila kibali, siku moja akaamka ukuta wake umechorwa X nyekundu, ubomolewe. Sisi, nikasema, tutafuata sheria.

Basi nikafuata sheria. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, hati ya kiwanja, mchoro. Dada wa dirishani, pale ofisi za jiji, aliugeuzageuza ule mchoro akaniuliza, "Choo tu, mama?"

"Choo tu," nikamjibu. "Kwani kwenu hakuna?"

Foleni nzima ikacheka, yeye hakucheka. Mchoro ukarudi: shimo la maji taka halionekani. Tukachora shimo. Ukarudi tena: shimo limekaribia mno mpaka wa jirani. Tukalisogeza. Wiki iliyofuata mfumo umegoma. Iliyofuata mkaguzi yuko semina. Njoo kesho, njoo Jumatatu. Weee! Nilipiga kelele mle ofisini mpaka mlinzi akaja kusimama karibu yangu.

Kila jioni mama aliniuliza, "Wamekubali?"

"Bado, mama."

"Usiwatukane, mwanangu. Nao wametumwa."

Glasi yake ya maji ilikuwa imejaa vilevile nilivyoiacha asubuhi. Nikamgombeza na yeye: kwa nini hanywi, na jua lote hili la Dodoma? "Sina kiu," alisema, nami nikamwamini. Jamani, mtu anayejibana tangu alfajiri atakunywaje maji? Mtoto mdogo angelielewa hilo. Mimi nilikuja kulielewa hospitalini, daktari aliponiambia figo zimechoka.

Ujumbe wa kibali uliingia kwenye simu nikiwa wodini. Nikamsomea mama mara mbili. Alinishika mkono, akasema, "Umepigana, mwanangu." Alifariki Alhamisi, fundi hajachanganya hata saruji.

Tulimzika Busi. Watu walipopungua nikakaa na mjomba, kaka yake mama, nikamsimulia habari yote: mchoro, shimo, semina, kelele zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mkwe alishaleta mbuzi?"

"Mbuzi gani, mjomba?"

"Mbuzi na khanga, vya kuondoa aibu. Akishavileta, mama mkwe anavipokea kwa mikono yake, wanasalimiana, kwisha habari. Hata sahani moja wanakula."

Hapo nikakumbuka. Kabla ya harusi yangu wazee walilitaja jambo hilo, na mimi msomi nikawakata kauli: hayo ni ya kizamani, mume wangu si wa kabila letu, msimsumbue. Shangazi mmoja akasema mwacha mila ni mtumwa. Nikacheka. Mume wangu sikumwambia lolote.

"Mama alilikumbuka hili?"

"Atalisahauje?"

"Sasa mbona hakusema? Miezi mitano, mjomba! Miezi mitano alikuwa kwangu!"

"Mama mkwe haombi mbuzi," mjomba alisema. "Binti yake ndiye anayemwambia mumewe."

Nililia kwa sauti, kuliko nilivyolia kaburini. Mume wangu alikuwa nyuma yetu, ameyasikia yote. Hakunilaumu, heri angenilaumu. Alichuchumaa mbele ya mjomba, akamuuliza kwa adabu mbuzi wa namna hiyo anapatikana wapi.

Mjomba alinyoosha mkono. Zizi lilikuwa pale pale, nyuma ya nyumba ya mama.