Kidole Gumba cha Mama

Kwa miaka miwili niliwaandikia kazi za chuo wanafunzi wa ng'ambo ambao sikuwahi kuwaona hata sura. Msinitolee macho. Hapa Kisii mjini wengi darasani kwetu walikuwa wakifanya hivyo: kazi inaingia kwenye simu, unaiandika, unaituma, unalipwa, na mtu asiyekujua anaweka jina lake juu. Nilijiona mjanja kweli.

Kisha ikafika zamu ya kujiandikia mwenyewe. Nilitakiwa kuandaa pendekezo la utafiti, na nyuma yake orodha ya marejeleo, kila makala ikiwa na aya chini yake ya kueleza, kwa maneno yangu, inasema nini na itanisaidia vipi. Nilichagua wanawake wachumaji chai. Kamati ilikuwa ikutane Ijumaa, na ambaye angekataliwa angengoja mwaka mzima. Nilishindwa kula. Mimi niliyewapitisha wageni kibao nilikuwa nafuta sentensi ya kwanza kila nikiiandika.

Nilipokwenda nyumbani Gesima, mama alinikuta nimeinamia kompyuta mezani. Alikuwa ametoka shambani, aproni ya plastiki bado kiunoni.

"Wanasema unaandika habari ya chai," alisema. "Na mimi umeniweka ndani?"

"Uko ndani, mama."

Alicheka akaenda kunawa. Sikuwa nimemdanganya. Chini ya makala moja kuhusu ubora wa majani nilikuwa nimeongeza kwamba mchumaji mzoefu huangalia mawingu huku mikono ikifanya kazi, kwa kuwa kidole gumba hutambua jani lililokomaa kabla ya jicho. Hakuna kitabu kilichonifundisha hayo. Huyo ni mama, na kidole chake kilichoingia weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni.

Jumatano msimamizi wangu aliniita ofisini. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Aligeuza kompyuta yake nikaona aya yangu imepakwa rangi nyekundu yote. Mashine ya kukagua wizi wa maandishi ilikuwa imeipata neno kwa neno katika kazi ya mwanafunzi wa chuo cha mbali, iliyowasilishwa mwaka uliotangulia.

"Hii maneno umetoa wapi?" aliuliza. "Hii ya kidole."

Nilielewa papo hapo. Mgeni mmoja alikuwa ameniagiza orodha kama hiyo, kuhusu chai hiyo hiyo, na mimi kwa haraka nikamtia mama humo ili aya ijae. Wakati wa kuandika yangu nilinakili kutoka kwenye faili langu la zamani bila wasiwasi wowote. Yalikuwa maneno yangu, jamani! Nani huogopa kuiba chake?

Ningesema ni yangu, angeuliza yalifikaje huko. Kuuza kazi za chuo ni kufukuzwa. Kunakili, kwa mara ya kwanza, ni kukemewa na kurudia. Nilihesabu haya yote nikiwa nimesimama.

"Nimenakili, Daktari," nilisema. "Nisamehe."

Aliigeuza kompyuta ikamwelekea tena. "Na si wewe ni wa huko kwa chai? Ungeuliza tu mama yako, hungehitaji kuiba ya watu. Toa hiyo yote. Kesho uniletee ingine."

Nilijaribu kuisema upya. Kila nilipokigusa kile kidole niliona wekundu wa mashine, nikafuta. Mwishowe nilieleza makala kama ilivyo, bila mawingu wala utomvu, nikaipeleka. Ijumaa kamati ilinipitisha. Mmoja wao alisifu orodha yangu kwa usafi wake.

Nilimpigia mama simu. Alipiga kelele za furaha, nikasikia akiwaita wenzake waliokuwa wamepanga foleni na vikapu kwenye kituo cha kupimia majani.

"Omwana one, mwanangu!" alisema. "Na mimi bado niko ndani?"

"Uko, mama," nilijibu.

Yuko kweli. Yuko ng'ambo, kwenye kazi ya mtu asiyewahi kuona mchai, na mtu huyo alipita nayo vizuri sana.