Jina Lililokosa Mtu wa Kulibeba

Mwaka ule ukungu ulikawia mlimani. Masika yalikwisha, wiki zikapita, na bado kila alfajiri Mlima Meru ulikuwa kama haupo. Palikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe huo mlio wa maji ya mfereji. Aikande aliingia humo na mundu wake kukata majani ya ng'ombe, na mara nyingi, alipoinua kichwa, alimwona mumewe akitangulia mbele, koti begani, akitembea kama mtu asiye na haraka na dunia.

Hakuogopa. Alijua kwamba Kaanaeli amelala chini ya migomba tangu mvua zilipoanza, na alikuwa amerusha udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mtu uliyeishi naye kwa vipande vipande, leo yuko nyumbani, kesho yuko gerezani, hata kifo chake hukizoei kwa siku moja. Moyo hudhani ni kifungo kingine tu, na kitaisha.

"Baba Gidion," alimwambia asubuhi ile, "tumepata mjukuu wa kiume. Kesho anabatizwa. Wanataka kujua aitwe nani."

Yule wa kwenye ukungu hakugeuka.

Kwa desturi ya Wameru, swali hilo halikupaswa kumsumbua mtu. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na akishachukua jina huchukua na cheo. Bibi humwita "mume wangu". Baba yake humwita "baba". Wajomba humdai pombe ya mbege aliyokunywa marehemu. Ndivyo wafu wanavyorudi nyumbani, wakalishwa uji na kubebwa mgongoni. Lakini Kaanaeli alikuwa mwizi wa mifugo. Kuanzia Moshono hadi kule chini Kikatiti, watu walilitamka jina lake huku wakigeuka kuangalia kama zizi limefungwa. Na sasa jina lile lilikuwa limesimama mlangoni, halina mtu wa kulibeba.

Walikutana mchana nyumbani kwa Aikande, Moshono. Walikuwa wanne tu. Gidion, mwanawe wa pekee, fundi umeme wa kutegemewa. Violet, mke wa Gidion, Mchaga wa Machame, uzazi ungali mbichi, bakuli la supu ya mtori mapajani. Na Frederick, mdogo wake marehemu, mzee wa kanisa mwenye koti lisilotoka mwilini hata jua likiwaka. Mtoto alilala katikati yao juu ya kanga iliyokunjwa, akivuta pumzi kama anayesikiliza.

"Mimi naona aitwe Blessing," alisema Violet. "Blessing halina ukoo, halina kesi polisi."

"Blessing ni jina la kike," alisema Frederick.

"Baba mdogo, siku hizi hata mabasi yanaitwa Blessing."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha upesi kuliko kilivyoanza. Frederick akaweka kikombe cha chai chini.

"Shemeji, nisikufiche. Kaka yangu nilimpenda, na Mungu anajua nimemlilia. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka. Babu yetu Kaanaeli alikwenda nyikani usiku, akarudi na ng'ombe wa watu. Kaka akapewa jina lake, naye akaiba. Damu inajua njia yake. Tusiifungulie mlango mara ya tatu."

Aikande alimtazama mwanawe. Gidion alikuwa akikuna gundi ya utepe wa umeme iliyoganda kwenye kidole.

"Mimi jina hilo nimelibeba kwa herufi moja maisha yangu yote," alisema Gidion. "Gidion K. Kuna tajiri mmoja kule Njiro aliniuliza K ni nini, niko juu ya ngazi namfungia taa. Nikamwambia Kelvin."

"Kelvin!" Violet alipasuka kicheko, mtori ukamwagika. "Nimeolewa na mtoto wa Kelvin mimi!"

"Ningesema Kaanaeli angenishusha ngazi akanisachi." Gidion hakucheka. "Mama, wewe ndiye uliyeishi naye. Utakalosema ndilo nitakalompelekea mwinjilisti jioni. Mimi sitabisha."

Aikande alisema ng'ombe hajala, akatoka.

Bandani palikuwa na harufu ya majani na maziwa. Alikaa kwenye kigoda alichokalia Kaanaeli msimu wake wa mwisho, alipotoka gerezani akiwa amekonda, kifua kikimpigia filimbi. Hakuwa na nguvu tena ya kwenda popote. Alikaa hapo akimkatia ng'ombe majani vipande vidogo vidogo, kama mtu anayemtengenezea mgonjwa chakula, na maneno yalimtoka taratibu, moja baada ya jingine, bila kuulizwa. Miaka yote waliyokuwa vijana hakuwahi kusema. Sasa alisema, na Aikande alisikiliza huku akikamua, sauti ya maziwa ndooni ikiyapokea yale maneno.

Alisimulia alivyokuwa mdogo. Bibi yake, mjane wa yule babu wa ng'ombe wa nyikani, alikuwa akimpakata na kumwita, "Mume wangu, mwizi wangu, usiku umeniletea nini?" Ulikuwa utani, tena utani wa mapenzi. Nyumba nzima ilicheka. Yai likikosekana kiotani, mama alisema, "Muulizeni mwenye jina." Sukari ikipungua, "Mwenye jina kapita hapa." Wageni wakija kunywa chai, waliambiwa wafiche kofia zao. Naye mtoto alicheka pamoja nao, maana mtoto akichekewa hudhani amependwa.

Kisha kuku wa jirani akapotea. Aliyemla alikuwa nguchiro, manyoya yalionekana baadaye kwenye vichaka. Lakini kabla ya manyoya kuonekana Kaanaeli alikuwa amekwisha kuchapwa, na hakuna aliyerudi kumwambia pole, kwa sababu hata yule jirani alicheka: "Aa, si mwenye jina bwana!" Akiwa ameanza kubalehe, akapotea mbuzi. Walikuja moja kwa moja mlangoni kwake, hawakuuliza nyumba nyingine.

"Walinipiga, Mama Gidion," alisema, akikata majani. "Wakaenda zao. Nikakaa pale chini, nikafikiri: adhabu nimekwisha kuila. Sasa mbuzi wangu yuko wapi? Nikaondoka, nikaenda kumchukua."

Aikande alikumbuka kwamba alicheka, na Kaanaeli naye alicheka hadi akakohoa. Kisha Kaanaeli akafuta mdomo, akasema jambo ambalo Aikande hajaweza kulielewa mpaka leo.

"Lakini nisikudanganye. Utamu ulikuwepo. Unamgusa mnyama wa mtu gizani, anakunusa, anakukubali, mnaondoka pamoja kimya kimya kama mko kwenye ndoto. Hakuna aliyenifundisha utamu ule. Nilizaliwa nao? Sijui. Nimemuuliza Mungu, naye ananiambia nikate majani."

Alitubu kwa mchungaji, akashiriki meza ya Bwana, akafa asubuhi moja yenye ukungu kama huu, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha ndama. Kwa hiyo Aikande hakuwa na jibu safi la kumpelekea Frederick. Alikuwa na mtu kamili, aliyempenda, mwenye vyote viwili ndani yake, na hakuna kisu cha kuvitenganisha.

Alisali pale pale bandani, kwa maneno machache. Hakuomba kujua ukweli wa damu. Aliomba asikosee juu ya mtoto. Maana akilikataa jina, Kaanaeli anatupwa nje mara ya mwisho, na safari hii wanaomtupa ni watu wake. Na akilikubali, huenda anamvisha mtoto asiye na hatia shati ambalo watu wamezoea kulipiga.

Aliporudi ndani, Frederick alikuwa amembeba mtoto, akimwangalia kwa upole wa mzee asiyejua kwamba anaangaliwa.

"Shemeji," Aikande alisema, akikaa. "Wewe na Kaanaeli ni tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Baba mmoja?"

"Unanitukana sasa?"

"Nauliza tu. Kama ni damu ya babu, basi unayo hata wewe, na nyumbani kwako hakuna mbuzi wa mtu."

"Hilo..." Frederick alikohoa. "Mimi nililelewa kanisani."

"Naye alilelewa wapi? Si mlilala kitanda kimoja, mkala chungu kimoja, mkafundishwa kipaimara na mwalimu mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi si malezi."

"Shemeji, unanizungusha kama ng'ombe kwenye josho! Nimeingia huku, unanitoa kule, nimelowa!"

Violet aligeuka upande akificha uso. Lakini Aikande hakuwa akitania.

"Na Gidion je? Ana damu ya Kaanaeli kuliko wewe. Alipewa jina la baba yenu, Gidion, mzee mpole, na kila mtu alimwambia umefanana na babu, utakuwa mpole. Ona alivyo. Sisemi damu si kitu. Sisemi malezi si kitu. Ila ninyi wawili mlipewa kila kitu sawa, isipokuwa neno moja. Wewe uliitwa Frederick, jina la daktari wa misheni, na watu wakakuchekea kwamba utatibu watu. Yeye walimchekea nini?"

Nje, jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake. Frederick alianza kumpapasa mtoto mgongoni, ingawa mtoto hakuwa akilia.

"Nami nilikuwa nacheka," alisema mwishowe. "Yule kuku. Nilimwona nguchiro, shemeji. Nilikuwa mdogo, niliona wanacheka, nikacheka."

Hakuna aliyemlaumu. Gidion aliinama, akaokota bakuli la mkewe.

"Aitwe Kaanaeli," alisema Aikande. "Lakini nisikilizeni, maana hili ndilo ninalowaomba. Utani mwingine wote ruksa. Semeni ni mvivu, ana masikio kama babu yake, anakula kama kiwavi. Lile neno moja lisimfikie kutoka midomo yetu. Si kwa kucheka, si kwa hasira, hata nyumba ikibaki tupu."

"Na watu wa nje?" aliuliza Violet. Sasa hakuwa na mzaha. Alikuwa mama. "Watamwambia, mama. Sokoni watamwambia. Shuleni watamwambia."

"Watamwambia, mwanangu. Siwezi kuziba midomo ya Arusha nzima. Ila wakimwambia, wamkute amekwisha kusikia kwetu jambo jingine."

Violet alimtazama mtoto wake, kisha akamtazama Gidion. Gidion alivuta pumzi kama mtu anayeweka chini mzigo, au anayeupandisha begani, haikujulikana. "Mimi nitakwenda kwa mwinjilisti," alisema. "Na nitalitaja lote."

Jumapili kanisa lilijaa. Jina liliposomwa, vichwa viligeuka kwenye mabenchi ya nyuma, na mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mahindi. Aikande aliusikia ukipita. Mchungaji akateka maji, akammiminia mtoto mara tatu, na mtoto hakulia. Frederick alisimama mbele kama msimamizi wa ubatizo, koti limefungwa vifungo vyote, akaitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Siku zilizofuata Aikande aliishi kama mtu anayetembea juu ya daraja la mti mmoja. Alikuwa akisikiliza. Walipokuja majirani na unga na sukari, alisikiliza vicheko vyao vinaelekea wapi. Mmoja alifungua mdomo, akakutana na macho ya Frederick, akasema, "Ana masikio makubwa!" Watu wakacheka kwa nguvu, kwa shukrani.

Asubuhi moja, mtoto akiwa ameanza kushika vitu, Violet alikuwa amelala, amechoka, na Aikande akamchukua mtoto kumwogesha. Aliweka beseni karibu na dirisha, maji ya vuguvugu, mvuke ukipanda polepole. Alikuwa kama yuko usingizini, mikono ikifanya kazi inayoijua, midomo ikimwimbia wimbo usio na maneno. Mtoto aliinua mkono, mkono mdogo uliolowa, ukapita usoni pa bibi yake, ukashika pembe ya kitambaa cha kichwani, ukavuta. Kitambaa kikaja chote. Mvi zikabaki wazi. Mtoto alikishika kwa ngumi mbili, hakukiachia.

Na neno likaja. Lilikuja lenyewe, tamu, limepashwa moto na mapenzi, likitoka kwa bibi hadi kwa bibi, kutoka mbali sana. Lilifika ulimini. *Mwizi wangu*. Aikande alihisi kicheko kikilitangulia, na meno yakifunguka kulipisha.

Akafunga mdomo. Akakaa hivyo, maji yakimchuruzika viwikoni, kama aliyeponea kuanguka. Kumbe hata yeye. Kumbe lilikuwa halikai sokoni wala kwenye mabenchi ya nyuma; lilikuwa linakaa hapa.

Alilimeza. Halikushuka kwa urahisi.

Mtoto alikuwa bado anamtazama, akingoja uso wa bibi yake umwambie amefanya nini.

"Shika, mume wangu," Aikande alimwambia. "Ni changu. Nimekupa."