Keni za Mama Nalepo

Mzee Aminiel wa Nkoaranga alikuwa ameshautangazia usharika mzima kwamba binti yake Ndeshi, akimaliza shahada ya uzamivu, atafundisha chuo kikuu. Yeye ndiye mnadi wa kanisa, anayesimama nje baada ya ibada kunadi ndizi, mayai na majogoo ya sadaka huku akitaja kila kilichotolewa kimetoka kwa nani. Akishatangaza jambo, limetangazwa. Ndeshi alimaliza. Akaomba kazi vyuoni miaka miwili, akaambulia barua za kumshukuru. Wenzake hawakusubiri: mmoja aliingia kampuni ya mbegu, mwingine anapima maji ya chupa na ana cheo kizuri. Ndeshi naye akapata kazi katika kiwanda kidogo cha mtindi huko Sombetini, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Baba yake akauliza kama ni kweli atavaa buti za mpira.

"Nitavaa, baba."

"Basi kanisani tusiseme kwanza."

Maneno hayo yalimuuma Ndeshi kuliko alivyotegemea. Akaapa kwamba majaribio atayashinda, na baba atakitaja kiwanda hicho mbele za watu.

Mwenye kiwanda, Mama Kandida, alimpa tatizo siku hiyo hiyo ya kwanza: mtindi wa Jumanne na Ijumaa ulikuwa unagoma kuganda. Ndeshi akafanya alivyofundishwa. Akapima, akachora grafu, akaandika ripoti ya kurasa thelathini na moja. Cha ajabu, maziwa ya siku hizo yalikuwa safi kuliko ya siku nyingine zote. Mama Kandida aliipima ripoti uzito mkononi.

"Daktari, hii nitaisoma nikistaafu. Niambie tu, maziwa yangu yana nini?"

Ripoti ilikuwa na kila kitu isipokuwa hilo. Ndeshi aliona aibu, kisha akacheka, maana mama alikuwa na haki. Akaiacha maabara, akaenda kuinamia keni tupu zilizoleta maziwa ya Jumanne, moja baada ya nyingine, akizinusa. Moja ilinuka moshi. Dereva akamwambia ni ya Mama Nalepo, mfugaji wa upande wa magharibi wa Meru, ambaye maziwa yake huja Jumanne na Ijumaa tu, na keni zake ndizo kubwa kuliko zote. Ijumaa Ndeshi akapanda gari la maziwa.

Alimkuta Mama Nalepo ameshika kijiti kinachowaka cha oloirien, mzeituni mwitu, anakizungusha ndani ya keni kama wafugaji wa huko wanavyosafisha vibuyu vya maziwa.

"Shikamoo, yeyoo," Ndeshi akamwamkia, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba, binti yangu."

"Keni unaifukiza mara ngapi?"

"Kibuyu cha nyumbani, mara moja. Lakini hii inakwenda mjini kwa watu wengi, siwezi kuwadharau. Mara tano."

Ndeshi alicheka hadi akatafuta kigoda. Moshi unaofukuza uozo huwafukuza pia bakteria wa kugandisha mtindi. Heshima ya mama huyu ilikuwa imewamaliza bakteria hao wote.

"Yeyoo, umetuheshimu kupita kiasi. Tupunguzie, iwe mara moja kama nyumbani."

Mama Nalepo alisikitika kidogo, akakubali. Jumanne iliyofuata mtindi uliganda vizuri, tena ukabaki na harufu ya moshi kwa mbali. Mama Kandida alikunywa kikombe. Akanywa cha pili. Baada ya cha tatu akaagiza mkataba wa Ndeshi uandikwe, na mtindi wa Mama Nalepo upewe chupa zake peke yake.

Jumapili ya mavuno Ndeshi alipeleka kreti moja Nkoaranga, akaiweka kati ya mikungu ya ndizi. Mzee Aminiel aliinua chupa ya kwanza, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Huu ni mtindi wa kiwandani kwa binti yangu, Daktari Ndeshi," alisema. "Ameutengeneza yeye."

Kisha akafanya jambo ambalo mnadi hafanyi. Akataja bei yeye mwenyewe, na kabla mtu hajafungua mdomo akajipandishia. Watu wakacheka, wakamwachia. Akaifungua chupa pale pale, akainywa yote, masharubu yakawa meupe.

"Ndeshi," akasema, "huko kwenu kuna buti za namba tisa? Nataka kuja kuona."